Boti Inanuka Petroli: Kutafuta Mahali Inapovuja na Kuiziba

Petroli haivuji ovyo, ina saa zake. Kuna inayovuja tangi likijaa, inayovuja boti ikiwa juani gatini, inayotoka ukipampu kwa mkono tu, na inayotoka injini ikizunguka. Kila kipande cha mfumo wa mafuta kina wakati wake wa kubeba shinikizo, kwa hiyo kabla ya kuinama kutafuta tone, jiulize harufu ilianza lini. Jibu hilo peke yake linaondoa nusu ya mahali pa kutafuta.

Maelezo haya yanahusu boti za starehe zinazotumia petroli: zile zenye injini ya nje iliyofungwa tezini, yaani nyuma ya boti, kama Yamaha Enduro ya nguvu za farasi 40 unayoikuta kwenye mialo mingi ya Ziwa Viktoria, na zile zenye injini ya ndani zinazoegeshwa Munyonyo, Entebbe au Jinja, hapa Uganda. Dizeli ina taratibu zake.

Kabla ya kugusa chochote

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kati ya mara tatu na nne. Hauondoki kwenda juu kama moshi. Unashuka na kujaa ngamani, ile sehemu ya chini kabisa ya boti ambako maji nayo hutuama. Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo hata asubuhi ya baridi kule Ziwa Bunyonyi, karibu mita 1,950 juu ya usawa wa bahari, haikupi nafuu. Hewa ikiwa na mvuke huo kuanzia takribani asilimia 1.4 hadi 7.6, cheche moja inatosha. Kikombe kimoja cha petroli kikiishia hewani kinaweza kuifikisha hewa ya zaidi ya mita mbili za ujazo kwenye kiwango hicho cha hatari, na chumba cha injini cha boti nyingi za starehe hakifiki ukubwa huo.

Boti zetu za Jumapili zina hatari moja ambayo vitabu vya injini haviizungumzii sana: jiko la mkaa la nyama choma. Lishushwe nchi kavu kwanza, mbali, upande unakotoka upepo. Yaani jiko lisikae mahali ambapo upepo unalipelekea mvuke. Baada ya hapo abiria washuke na simu zao, na sigara zizimwe. Ndipo ufungue vifuniko.

Swichi usiiguse, iwe kwa kuwasha au kwa kuzima, kama iko mahali penye harufu. Kuzima nako hutoa cheche. Hali kadhalika nyaya za betri: ukichomoa waya wa betri iliyo kwenye chumba kilichojaa mvuke, cheche utakayoipata hapo ndiyo uliyokuwa unaikimbia. Kama swichi kuu ya betri iko nje ya chumba hicho, izime. Kama iko ndani, fungua vifuniko vyote, acha upepo ufanye kazi, na usubiri harufu iishe. Kumbuka pia pampu ya maji ya ngamani inayojiwasha yenyewe. Hiyo ikiwaka kwenye petroli ina hatari mbili, cheche na kumwaga mafuta ziwani.

Harufu ikikukuta katikati ya ziwa, zima injini, funga koki ya mafuta, kila mtu avae jaketi la kuokolea maisha, kisha tia nanga kwa upande wa omo, yaani mbele ya boti. Boti iliyofungwa nanga omo hugeuza uso wake kwenye upepo, na mvuke wa tezini hupeperushwa nyuma, mbali na watu. Waketi mbele. Usijaribu kuwasha injini “mara moja tu ifike” wakati harufu bado ipo.

Mtungi wa kuzimia moto uwe wa poda kavu au povu, na uwe karibu na mkono wako muda wote wa kazi. Maji husambaza petroli inayowaka. Moto ukishika ndani ya chumba cha injini, usifungue kifuniko chote, maana utaupa hewa. Pulizia poda kupitia tundu dogo au ufa mwembamba wa kifuniko.

Petroli iliyomwagika inyonywe kwa pedi za kunyonya mafuta au matambara ya pamba, yatiwe kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko na kupelekwa nchi kavu. Wapo wanaomwaga sabuni ya vyombo na kuwasha pampu. Sabuni haiondoi petroli, inaivunjavunja tu ili isionekane, nayo inazama na kwenda kwa samaki. Tena maji ya kunywa ya Kampala yanavutwa Ggaba, kwenye ghuba hiyohiyo mnayopita mkienda kuogelea.

Vifaa

Glovu za nitraili, matambara meupe, karatasi za boksi, kioo kidogo, spana na bisibisi, chaki ya shule, na chupa ya kupulizia yenye sehemu moja ya sabuni ya maji kwa kumi za maji. Tochi iwe ile isiyoingiza maji iliyozibwa kabisa, na uiwashe ukiwa nje ya boti. Taa ya waya ya gereji isikanyage hapo.

Chaki haina budi kuelezwa. Tone moja kwa sekunde ni kama mililita 180 kwa saa, zaidi ya lita mbili kwa usiku mmoja, lakini kwenye jua la mchana tone hilo linaweza kukauka kabla hulijaona. Futa kiungio hadi kikauke, kipake chaki iliyosagwa, subiri. Unyevu kidogo sana hugeuza chaki nyeupe kuwa ya kijivu, na mstari wa kijivu unakuonyesha umeanzia wapi.

Injini ya mipigo miwili inakurahisishia zaidi, kwa sababu petroli yake imechanganywa oili, kwa kawaida 50 kwa 1. Petroli ikiruka, oili inabaki. Ukiona alama ya utelezi yenye vumbi lililoganda juu yake, ifuate kwenda juu, usiifuate inakoishia. Tone hudondoka mahali pa chini kabisa pa paipu, ambapo mara nyingi si pale lilipotokea.

Harufu huja boti ikiwa imetulia juani

Hapa mshukiwa wa kwanza ni joto. Petroli hutanuka kwa takribani asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja ya joto. Tangi la kubeba la lita 24 lililojazwa pomoni asubuhi kwa nyuzi 20, likiachwa juani likafika 45, linatafuta nafasi ya zaidi ya nusu lita. Kama skrubu ya hewa kwenye kifuniko imefungwa na paipu imeunganishwa kwenye injini, shinikizo hilo linasukuma mafuta mbele, yanaipita pampu ya mkono, yanafika kwenye kabureta na kuinua sindano yake. Injini imezimwa, hakuna aliyegusa kitu, na petroli inadondoka chini ya kofia ya injini.

Hapo hakuna kilichoharibika. Dawa ni desturi: chomoa paipu kwenye injini kila unapoegesha, weka tangi kivulini, usilijaze kupita asilimia 90 hadi 95, na kabla ya kuunganisha tena legeza kifuniko polepole shinikizo litoke. Injini ikizunguka, skrubu ya hewa iwe wazi. Ukisafirisha tangi kwenye gari, iwe imefungwa.

Ukishafanya hivyo na harufu bado ipo, wala hakuna tone, shuku paipu yenyewe. Paipu ya zamani huanza kupitisha mvuke kwenye ngozi yake kabla haijapasuka. Chukua tambara safi, lisugue kwa urefu wote wa paipu, toka nje ya boti, linuse. Likinuka petroli, paipu imekwisha, hata ikiwa bado inang’aa. Ikunje pia kwenye kona zake: nyufa ndogo, ugumu kama wa mti, au ulaini wa kunata, vyote vina hukumu moja. Petroli iliyochanganywa ethanoli huharakisha hali hiyo kwa paipu za zamani.

Tone linatoka ukipampu kwa mkono

Pampu ya mkono, ile ya mpira yenye umbo la yai, ndiyo kipimo bora ulichonacho. Ishike wima, mshale ukitazama juu kuelekea injini, ili valvu zake zikae sawa, kisha ibonyeze. Kwa mfumo mzima wenye mafuta inapaswa kuwa ngumu baada ya mibonyezo michache. Ikikataa kabisa kuwa ngumu, kuna mahali mafuta yanatoka, hewa inaingia, au valvu ya ndani ya pampu haishiki.

Gawanya mfumo mara mbili. Chomoa kiungio upande wa injini; kiungio cha paipu kina valvu yake inayojifunga. Pampu tena. Ikiwa sasa inakuwa ngumu na kubaki hivyo kwa dakika tano, upande wa tangi hadi kiungio ni mzima na tatizo liko kwenye injini. Ikilegea, tafuta kati ya pampu na kiungio. Mafuta yakisikika yakirudi kwenye tangi na hakuna unyevu nje, valvu ya kuingilia ya pampu imechoka. Pampu hiyo haitengenezwi, inabadilishwa.

Viungio vya kuchomeka ndivyo vinavyovuja zaidi kuliko kitu kingine chochote kwenye injini za nje. Ndani yake mna oringi, pete ndogo ya mpira ya kuzibia. Huchanwa na mchanga wa mwaloni, hubonyea na kupoteza uduara, au hutoka kabisa na kubaki kwenye pini ya injini bila mtu kujua. Itazame kwa kioo. Oringi mpya iwe ya mpira unaovumilia petroli, nitraili au vaitoni. Oringi ya bomba la maji ina ukubwa uleule na bei ndogo, lakini huvimba ndani ya siku chache na utarudi palepale. Ukiirudisha, ipake petroli kidogo iteleze, na hakikisha kishikizo kinabana hadi mlio wa “tak”.

Kwenye ncha za paipu angalia klipu. Nchi nzima hii fundi hukuta mahali panavuja akafunga waya, na juu yake akazungusha utepe wa mpira wa tyubu ya tairi. Waya hukata paipu kwa upande mmoja na kuacha mwingine wazi. Mpira wa tyubu hulowa petroli, huvimba na kulegea. Ukikuta kazi ya namna hiyo, ikate yote, pamoja na sentimita mbili za paipu zilizobanwa, kisha ufunge upya kwa klipu ya chuma kisichoshika kutu.

Hakuna tone, lakini injini inakufa ukiongeza mwendo

Wengi hawahesabu hali hii kuwa ni uvujaji. Kati ya tangi na pampu ya injini, mafuta hayasukumwi, yanavutwa. Injini ikizunguka, ufa wa sehemu hiyo hautoi petroli, unaingiza hewa. Ukizima, au jua likipasha tangi, ufa uleule unatoa petroli nje. Ndiyo sababu mtu anaambiwa “boti yako inanuka” gatini, anawasha, anapitisha mkono kwenye paipu yote, mkavu, anaondoka na amani. Kumbe alikagua kwa saa isiyofaa.

Itazame pampu ya mkono injini ikiwa kazini. Ikinyonywa ikawa bapa kama chapati, kuna kizibo upande wa tangi: skrubu ya hewa imefungwa, wavu wa kunyonyea umejaa uchafu wa jerikani, au paipu imekunjika chini ya kiti. Ikibaki laini na injini inakosa mafuta, hewa inaingia. Kuthibitisha, funga boti gatini na uunganishe kwa muda kipande cha paipu angavu cha sentimita 15 kati ya filta na pampu ya injini. Mfululizo wa mapovu injini ikiwa imeshapata moto ni jibu. Ondoa kipande hicho ukimaliza. Plastiki angavu hukakamaa na kupasuka, na haifai kubaki kwenye boti.

Kisha fuata kiungio kimoja kimoja kuanzia tangini. Mahali pa kwanza pa kushuku ni bomba la kunyonyea ndani ya tangi, juu ya usawa wa mafuta, hasa lile la plastiki lenye ufa wa wima. Huwezi kuuona bila kulitoa. Kinachofuata ni bakuli la filta: gasketi yake hubonyea, na kila anayemwaga maji ya filta huibana zaidi badala ya kuibadilisha. Ukitumia utepe wa nyuzi za skrubu, uwe ule wa petroli, na acha nyuzi mbili za mwanzo wazi. Kipande cha utepe kikikatika huishia kwenye sindano ya kabureta, ambayo nayo huanza kuvuja.

Petroli chini ya kofia ya injini

Pampu imekuwa ngumu, kisha ukaendelea kubonyeza mafuta yakatoka kwenye mdomo wa hewa wa kabureta: sindano ya floti (boya dogo ndani ya kabureta) haifungi. Sababu tatu. Uchafu umekaa kati ya sindano na kiti chake. Ncha ya sindano imechimbika mduara kwa uzee. Au floti imetoboka, imejaa petroli na haielei. Gonga bakuli la kabureta taratibu kwa mpini wa bisibisi. Uvujaji ukikoma, ulikuwa uchafu, nao utarudi hadi ufungue usafishe na ubadilishe filta. Ukifungua, itikise floti sikioni. Ikisikika maji ndani, tupa. Ncha ya sindano itazame kwa kioo cha kukuzia, na ukiona pete iliyochimbika, badilisha sindano pamoja na kiti kama kinatoka. Sindano mpya kwenye kiti kilichochakaa haikai.

Uvujaji wa chini ya bakuli ni gasketi au skrubu ya kumwagia, ambayo ina ringi yake ndogo. Usiikaze kwa hasira, kwa maana nyuzi za aluminiamu hukatika kirahisi, na hapo unanunua bakuli zima.

Injini iliyoanza kuvuja dakika 10 hadi 20 baada ya kuzimwa, ikiwa ya moto, huenda ni mzima kabisa. Joto hupanda kwenye kabureta na petroli iliyobaki huchemka. Juu ya Ziwa Viktoria, mita kama 1,134 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mafuta hugeuka mvuke mapema kuliko Mombasa. Chomoa paipu na iache injini izunguke taratibu hadi imalize yaliyomo ndipo uzime na kuinua. Ukiinua injini ya kabureta ikiwa bado imejaa, mafuta yatamwagika, na hilo hutalitibu kwa spana.

Injini ya sindano za umeme, inayopuliziwa petroli bila kabureta, ni habari nyingine. Bomba linalolisha sindano hubeba shinikizo la karibu bar 3, na tobo dogo hutoa ukungu badala ya tone. Usilegeze kitu kabla ya kuondoa shinikizo kwa utaratibu wa mtengenezaji, tambara likiwa limezungushwa kwenye kiungio. Klipu za kubana mara moja zilizopo hapo hazibadilishwi kwa klipu ya kawaida ya skrubu. Kwa sehemu hii mwite fundi mwenye vifaa vyake.

Hakuna tone popote, lakini oili inaongezeka

Kwenye injini ya mipigo minne yenye pampu ya mafuta ya diaframu (utando laini unaosukuma mafuta), chomoa dipstiki. Oili ikiwa juu ya alama, nyepesi, na inanuka petroli, huenda diaframu imetoboka na mafuta yanaingia ndani ya injini. Badilisha diaframu, kisha oili na filta yake, kabla ya kuwasha tena. Oili yenye petroli haivilindi vyuma. Kwenye mipigo miwili kasoro hiyohiyo hujitokeza kama moshi mwingi na plagi ya silinda moja iliyolowa.

Harufu huja baada ya kujaza tangi

Tangi la kudumu likinuka likijaa tu, na harufu ikaisha ukitumia robo ya mafuta, sehemu ya chini ya tangi ni salama. Kagua vya juu: paipu ya kujazia, ambayo mara nyingi ina kipenyo cha milimita 38, paipu ya hewa ya milimita 16, na gasketi ya geji ya mafuta.

Gasketi ya geji hushikwa na skrubu tano. Zikaze kwa mpangilio wa nyota, kidogo kidogo. Ikiwa imebonyea, weka mpya ya mpira wa petroli. Silikoni ya madirishani huyeyuka na kuwa kama ugali mbichi. Paipu ya kujazia huwa na ufa upande wa chini wa kona, mahali macho hayafiki, kwa hiyo pitisha kioo. Kila ncha yake iwe na klipu mbili.

Petroli ikirudi usoni mwako unapojaza, hewa haitoki. Paipu ya hewa imelegea ikatengeneza bonde linaloshika mafuta, au nyigu wamejenga nyumba ya udongo kwenye mdomo wake. Safisha kwa waya laini na urudishe wavu. Ukijaza kutoka jerikani, shusha funeli iguse shingo ya tangi kabla hujamimina, na jerikani ya plastiki ijazwe ikiwa chini, kamwe isiwe juu ya kiti cha gari au cha boda boda.

Tangi lenyewe

Mafuta yakipungua usiku hadi kiwango fulani kisha yakaacha kupungua, tundu liko kwenye kimo hicho. Weka alama.

Kupima, toa mafuta yote, ziba matundu, na ujaze hewa kwa pampu ya baiskeli yenye geji hadi bar 0.2, isizidi. Kompresa ya kujazia matairi hupasua tangi. Fanya kivulini, kwani jua pekee litapandisha geji na kukudanganya. Acha robo saa, pulizia maji ya sabuni kwenye maungio.

Tangi la aluminiamu huliwa kutoka chini, hasa lililozungushiwa povu linaloshika maji. Ukikuta tundu moja, kuna mengine njiani, na kuziba ni kupoteza fedha. Tangi la plastiki ya polithini halizibwi kwa gundi ya epoksi, kwa sababu haishiki. Tupa. Na tangi lililotolewa petroli ni la hatari kuliko lililojaa, maana sasa limejaa mvuke. Kulisuuza kwa maji na kulipeleka kwa mchomeleaji wa Katwe, Kampala, hakutoshi. Anayelichomelea awe anajua kuliondolea mvuke na kulipima kabla ya kuwasha moto.

Injini ya ndani

Kila safari: fungua kifuniko, nusa, kisha washa feni ya kutolea hewa kwa dakika nne kamili kabla ya ufunguo. Feni ni ya mvuke mdogo usioonekana. Ukikuta petroli yenyewe ngamani, usiiwashe.

Pampu ya mafuta ya injini hizi, ile inayosukumwa na injini yenyewe, ina diaframu mbili na kijipaipu angavu kinachotoka kwake kwenda kwenye kabureta. Kikiwa na petroli ndani, diaframu ya kwanza imechanika. Hapa ndipo vipuri vya gari kutoka soko la Kisekka, Kampala, vinaponunuliwa kwa nusu bei, na ndipo visiponunuliwe. Pampu ya gari ikichanika humwaga petroli nje, barabarani. Kwenye boti “nje” ni ngamani. Stata na alteneta za gari hazijazibwa kuzuia cheche. Kabureta ya gari ikijaa humwaga kwa nje, ya boti humwaga ndani ya injini. Ni vipuri vinavyofanana kwa sura tu.

Kuna pia valvu ndogo kwenye tundu la kutokea mafuta tangini, inayozuia tangi lisijimwage lenyewe paipu ikikatika chini ya usawa wake. Ikiziba, mafundi wengine huiondoa na injini inafanya kazi vizuri ajabu. Waulize kama wameiondoa, na uirudishe.

Paipu ya kununua

Isome maandishi yake. Ndani ya boti tafuta A1-15, au ISO 7840. Herufi A ina maana imejaribiwa kuvumilia moto kwa dakika mbili na nusu. Paipu isiyoandikwa kitu, hata ikiwa nene, iache dukani. Ikate kwa kisu kikali, mkato uwe umenyooka, isukume hadi ipite matuta yote ya kiungio, na klipu ikae nyuma ya tuta, si ukingoni. Usiiburute kwenye ncha kali, na ifunge kwa vishikizo isitikisike.

Ukiwa mbali na fundi

Tundu la sindano kwenye tangi la chuma linaweza kuzuiwa kwa mche wa sabuni ya kufulia: sugua sabuni kavu ndani ya tundu hadi ijae. Petroli haiiyeyushi sabuni, lakini maji huiyeyusha, kwa hiyo pakaushe kwanza. Inakufikisha mwaloni, basi. Ufa kwenye paipu, kata kipande kibovu kama urefu unaruhusu na uunganishe upya. Kama hauruhusu, hamishia mafuta tangi jingine au omba kukokotwa.

Kujaribu kazi yako

Kausha kila kitu, paka chaki kwenye viungio ulivyogusa. Pampu hadi iwe ngumu, subiri dakika kumi. Washa injini boti ikiwa imefungwa gatini, vifuniko wazi, dakika 15 hadi ipate moto, kisha zima na usubiri nusu saa nyingine, kwa sababu uvujaji wa joto huja baada ya kuzima. Tazama chaki. Ndipo utoke, wewe na msaidizi tu, hadi penye mawimbi kidogo, tangi likiwa limejaa kiwango chake cha kawaida, maana mtikisiko hufungua kilichokuwa kimeshikwa kwa bahati. Rudi, nusa ngama kabla ya kugusa swichi yoyote, na uitazame chaki mara ya mwisho kesho yake asubuhi kabla hujapakia abiria.